Kinanda Kilichobaki Mbao Tu

Kinanda cha umeme cha kanisa letu hapa Kasongo kilikuwa na safu mbili za vibao vya kubonyeza kwa vidole, vikanyagio vya miguu, na tumbo kubwa la mbao ya rangi ya kahawa. Ndani ya tumbo hilo mlikuwa na spika mbili, moja pana kama ungo wa kupepetea mchele, na amplifaya ya lampe, zile chupa ndogo za kioo ambazo zikipata moto zinawaka nyekundu kama kaa. Mapadri wazungu walikileta kwa lori nilipokuwa bado kijana katika shule ya makatekista. Furere mmoja, mtawa aliyekuwa fundi wa misheni, alinifundisha kukicheza, kisha akanifundisha kukifungua na kukisafisha. Kwa hiyo ninapoandika kwamba ni mimi niliyekitoboa, ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kubahatisha. Nilijua kila waya unakokwenda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wakati wa vita watu wenye bunduki waliingia kanisani mara mbili. Walichukua viti, mishumaa, hata kamba ya kengele. Kinanda walikisukuma kidogo, wakakiona kizito kwa watu sita, wakakiacha. Nilimshukuru Mungu kwa uzito ule. Sikujua kwamba siku moja uzito uleule utatajwa kwenye mkutano kama kosa lake.

Baadaye kikaanza kuzeeka pamoja na mimi. Sauti tatu zilikufa katikati ya safu ya juu, moja baada ya nyingine, na hapakuwa na vipuri vya kuzifufua. Nikajifunza kuzizunguka, kama mtu anavyozunguka dimbwi analolijua kwenye njia ya nyumbani. Waumini wengi hawakutambua. Mke wangu alitambua. Yeye ndiye aliyekuwa akifagia kanisa kila Jumamosi mchana, saa ile jua linapokuwa kali na betri za parokia zimejaa umeme, na mimi nilikuwa nikija wakati huohuo kufanya mazoezi ya Jumapili.

“Umeruka tena ile moja,” alikuwa akisema bila kuinua kichwa.

“Imekufa, Mama. Nifanye nini?”

“Basi mutu mwingine aiimbe.”

Na aliiimba. Alikuwa akifagia kati ya mabenchi, na nilipofika kwenye pengo, sauti iliyokosekana ilitoka kinywani mwake, fupi, mahali pake, kisha akaendelea kufagia. Miaka mingi tulicheza hivyo, watu wawili kwa wimbo mmoja, na hakuna aliyetusikia ila Mungu na popo wa darini.

Sentetizeri zilikuja kutoka Salamabila. Kijana mmoja wa zamani wa kwaya yetu, ambaye sasa ni mfanyabiashara huko kwenye dhahabu, alituma mbili kama shukrani kwa parokia iliyomlea. Zilifika kwa pikipiki, zimefungwa ndani ya godoro, hazikuvunjika hata kitufe. Zilikuwa vinanda vya plastiki vyeusi, vyepesi, vyenye sauti za filimbi, tarumbeta, ngoma na vitu vingine mia. Lakini hazikuwa na spika. Ukizibonyeza, zilikaa kimya kama meza.

Mwalimu wa kwaya alifurahi kupita wote. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye masikio mazuri na haraka nyingi. Nilikuwa nimemwandaa mwenyewe kwa komunyo yake ya kwanza. Katika mkutano wa parokia alisimama akasema spika zitatafutwa, lakini kwanza ipatikane nafasi. Kinanda cha zamani kitolewe, na seremala atumie mbao zake kutengeneza mabenchi mawili ya wanakwaya.

“Iko kizito, kimekula pembe nzima, na sauti zingine zimekufa,” alisema. “Papa katekista mwenyewe anajua.” Ndivyo wanavyoniita; huku kwetu Papa ni baba.

Padri akanigeukia. “Papa, unasema nini?”

Nilitaka kitu kimoja tu: kinanda kibaki mahali pake, na kiweze kusema kwa vibao vyake mwenyewe. Sikulisema hilo. Niliona kwamba nikisema hivyo nitaonekana mzee anayeng'ang'ania kiti chake. Nikasema kitu cha kuwafaa wao. Nikasema kwamba kinanda kina amplifaya na spika nzuri kuliko zozote zitakazopatikana Kasongo, na kwamba wakinipa juma moja nitazifanya sentetizeri ziimbe kupitia tumbo lake. Wakakubali. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda.

Furere alikuwa amenionyesha, zamani, mahali ambapo sauti zote za kinanda zinakutana kabla ya kuingia katika amplifaya. Ni waya mmoja mwembamba, unaopita kwanza kwenye kikanyagio cha nguvu, kile ambacho ukikikanyaga sauti inakua na ukikiachia inapungua. Nilikata waya ule. Nilitoboa tundu dogo kwenye ubao wa upande wa kulia, nikafunga hapo kichomekeo nilichokitoa kwenye redio mbovu, nikalehemu nyuzi zake kwa risasi. Nilichagua kichomekeo chenye ulimi ndani. Ukiingiza waya wa sentetizeri, ulimi unasukumwa na vibao vya kinanda vinanyamaza. Ukiuchomoa, ulimi unarudi na kinanda kinasema tena kwa sauti yake. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu. Nilikiweka kinanda katika utumishi, lakini nikakiachia mlango wa kurudi nyumbani.

Siku ya kwanza kwaya nzima ilikusanyika. Lampe zinahitaji muda kupata moto, na mimi tangu ujana nilizoea kuupima muda huo kwa kusali kumi moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi. Nikawaongoza tukasali. Tulipomaliza, mwalimu wa kwaya, aliyeiweka sentetizeri juu ya mgongo wa kinanda, akabonyeza.

Lazima niseme ukweli, kwa sababu nitaulizwa siku moja. Ilikuwa sauti nzuri. Ile plastiki, ambayo baadaye niliisikia ikipitia spika za watu wengine ikawa kali kama bati, ilitoka kwetu ikiwa laini na nzito kidogo, kana kwamba imepita katika mbao na kuacha ukali wake humo. Sauti za chini ziliingia miguuni kupitia sakafu.

“Papa,” mwalimu alisema polepole, “hii sauti imeoga na kupakwa mafuta.”

Wanawake wa kwaya wakacheka. Mimi pia.

Tangu siku hiyo nilikaa kwenye benchi langu la zamani, vibao vikiwa kimya mbele ya vidole vyangu, kazi yangu ikawa ya mguu wa kulia. Mwalimu alicheza juu, mimi nilishikilia nguvu chini. Sauti ilipokuwa ikipanda nilikanyaga, padri alipoanza kusema niliachia. Waliniita dereva. “Dereva, mafuta yamekwisha?” walinong'ona nilipopunguza sana. Sikuchukia. Mtumishi hachagui kiungo atakachotumikia nacho. Na Jumamosi mchana nilichomoa waya, ulimi ukarudi, nikacheza na mke wangu na yale mapengo yetu matatu.

Ilikuwa hivyo kwa mwaka mmoja na zaidi. Kisha nikatumwa Wamaza, kutembelea makatekista wa vijijini na kuwaandaa watu wa ubatizo. Nilikaa majuma matatu. Nilirudi na maumivu ya mgongo ya pikipiki na shukrani nyingi moyoni, kwa sababu watu wa kule wanasali kwa bidii. Nikapitia kanisani kabla ya kufika nyumbani, na vumbi bado liko usoni.

Juu ya kikanyagio cha nguvu palikuwa na tofali.

Lilikuwa tofali zima la kuchomwa, limelala pale kama limezaliwa pale. Nilimkuta mwalimu nje ya darasa lake.

“Nani ameweka tofali?”

“Ni mie, Papa.” Hakuficha. “Mguu haukuwepo.”

“Na kumweka mutu?”

“Niliweka. Alikuwa anasinzia, sauti inakufa katikati ya wimbo wa Utukufu. Sasa ilikuwa ndoa, Papa, watu wamejaa mpaka barabarani. Tofali halisinzii.”

Alisema hivyo akitabasamu, akitumaini nitatabasamu. Nilirudi kanisani nikawasha, nikasali kumi langu peke yangu, nikabonyeza sauti ya chini. Spika kubwa ikakoroma kama kifua chenye kohozi. Majuma matatu ya ngoma za sentetizeri, kwa nguvu zote bila kupumua, yalikuwa yamepasua karatasi yake kutoka ukingoni mpaka karibu na kitovu.

Nilifungua mgongo wa kinanda nikaitoa spika, nikaipeleka nyumbani. Sisi tuliopita katika shule ya makatekista tulifundishwa kubandika vitabu vya nyimbo kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Gundi hiyo imeshika maelfu ya kurasa mkononi mwangu, na nilikuwa nikiiamini kuliko kitu chochote cha dukani. Mke wangu aliipika kwenye sufuria ndogo. Akanikatia kipande chembamba cha kitambaa chake cha kichwa, cha kuweka nyuma ya mpasuko.

“Nitie pilipili?” aliuliza. Vitabu tulikuwa tukivitilia pilipili ndani ya gundi, ili panya na mende wasivile.

“Hapana.”

“Kwa nini hapana? Unataka kuwapikia bugali?”

“Spika inatetemeka, Mama. Gundi ikikauka, ngoma ikipiga, vumbi la pilipili litaruka litawaingia wanakwaya machoni.”

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. “Acha liwaingie. Walie kidogo kwa ajili ya tofali.”

Lakini nilikataa. Nilikuwa nimewaona kichwani akina mama wakipiga chafya katikati ya misa, na nikaogopa aibu. Nilibandika bila pilipili. Ikakauka vizuri, ikaimba vizuri, na nilipoirudisha nilifunga kikanyagio kwa kamba ili kisifike chini kabisa. Nilijisifu moyoni. Tofali nililitupa mwenyewe nyuma ya sakristia.

Haikupita miezi miwili. Jumapili moja wakati wa matoleo, sauti za chini hazikuja, ikaja tu pepepe-pepe kama bawa la nzi kwenye karatasi. Baada ya misa tulifungua mgongo, mwalimu, padri na mimi, na wanakwaya nusu nzima nyuma yetu. Panya alikuwa amekula gundi, na akiwa anakula gundi alikula karatasi, na karatasi iliyobaki aliichana akaitandika chini ya amplifaya, mahali penye joto la lampe. Juu ya kitanda hicho walilala watoto watano wekundu wasio na manyoya. Kitambaa cha mke wangu kilikuwa kimetandikwa juu kabisa.

Mwalimu wa kwaya aliinama akaangalia. Kisha akasema, kwa heshima yote, “Papa, umewapikia.”

Walicheka wote. Padri aligeuka upande ili nisione. Nilifanya ishara ya msalaba na kusema ni kosa langu, na lilikuwa kosa langu. Lakini nilikuwa na tofali mdomoni na nililimeza. Hakuna aliyelitaja tena tofali. Tangu siku ile hadithi ya kinanda ikawa hadithi ya bugali la katekista.

Mwalimu alitengeneza spika mwenyewe. Alichukua karatasi ngumu ya kalenda, akaikata, akaibandika kwa gundi ile ya kuzibia matundu ya mipira ya baiskeli. Ikashika mara moja na inashika mpaka leo. Gundi hiyo inauzwa hatua hamsini kutoka mlango wa kanisa. Napita mbele yake kila siku.

Halafu ukaja mkutano wa pili. Sasa mwalimu hakuwa na haja ya kusema mengi. Tumbo la mbao ni nyumba ya panya, alisema, hilo tumeliona sote. Kitoeni kile kilicho hai, yaani amplifaya na spika, kitiwe kwenye sanduku dogo lenye vishikio, kiweze kubebwa. Akaongeza jambo ambalo sikuweza kulipinga. Watu wanapofiwa, sentetizeri zinakwenda nyumbani kwa marehemu, lakini sauti inabaki kanisani kwa sababu ni nzito. Wafu wetu wanaimbiwa kwa midomo mitupu. Mama mmoja wa kwaya, aliyemzika binti yake mwezi uliotangulia, akasema, “Hiyo ni kweli.” Hapo mkutano ukawa umekwisha.

Padri aliniambia kwa upole, “Papa, ni wewe uliyetuonyesha kwamba nguvu yake iko ndani.”

Niliomba jambo moja. Niliomba nyaya zisikatwe, zifunguliwe tu, na niachiwe nifunge vichomekeo, ili siku za Jumamosi sanduku liweze kurudishwa kwenye mwili wake na vibao viseme. Wakasema ndiyo bila ugumu. Mwalimu mwenyewe alisema, “Papa, hilo ni dogo.” Tukapanga niifanye kazi hiyo juma litakalofuata.

Juma hilo mke wangu aliugua. Tulikwenda hospitali, nikakaa kando ya kitanda chake siku tisa. Mwalimu alikuja kutusalimia siku ya sita, ameleta wali na sombe ya majani ya muhogo. Alisema kwa furaha kwamba nisijisumbue tena, kazi imekwisha, ameifanya yeye ili nisiwe na mawazo. Kulikuwa na matanga ya haraka huko njia ya Lualaba.

“Nyaya umezifungua?” nilimuuliza.

“Zilikuwa nyingi, Papa. Hazikuingia kwenye sanduku. Nilizikata kwa koleo.”

“Umekatia wapi?”

Akanionyesha kwa kidole cha gumba juu ya kidole cha shahada, kipimo kifupi sana. Karibu na mzizi, pande zote mbili. Zaidi ya nyaya thelathini, zote za rangi moja ya kijivu kwa uzee, hazina alama. Furere aliyezijua amekufa Ulaya zamani. Mimi nilizijua kwa njia zinazopita, si kwa vishina.

Mke wangu alikuwa amesikia. Mwalimu alipoondoka alisema, “Kwa hiyo Jumamosi nitafagia tu.”

Hakufagia tena. Mungu alimchukua mwezi uliofuata, asubuhi, akiwa na akili zake zote na sakramenti zote. Kwa hilo namshukuru, na ninamshukuru bila kulazimishwa. Lakini nisidanganye katika maandishi haya. Sala yangu ya siku hizi ni kama mchele uliopepetwa vizuri na kubaki na jiwe moja. Nalitafuna kila siku mahali palepale.

Walikuja na sanduku uani kwangu mchana wa maziko, limefungwa nyuma ya baiskeli, na betri ya parokia kwenye baiskeli nyingine. Walitandaza turubai. Mwalimu aliweka sentetizeri juu ya meza yangu ya kulia chakula, akachomeka, na bila kuambiwa akawaongoza watu kusali kumi moja la rozari wakati lampe zinapata moto. Nilimfundisha vizuri. Alikuwa amekumbuka kila kitu.

Kisha akaniinamia. “Papa, wimbo gani Mama aliupenda?”

Nikamwambia. Ni ule tuliokuwa tukicheza Jumamosi. Aliucheza polepole na kwa heshima, akishika nguvu kwa kitufe kidogo cha kuzungusha alichokifunga juu ya sanduku, na sauti ikatoka vilevile kama zamani, laini, nzito kidogo, yenye mbao ndani yake ingawa mbao zenyewe zilikuwa zimebaki kanisani, zimewekwa rafu na kujazwa majoho ya kwaya. Nilifumba macho nikangoja pengo la kwanza. Halikuja. Sentetizeri ina sauti zote. Nikangoja la pili, nikangoja la tatu. Wimbo ulipita mzima, hauna tundu hata moja mtu angeweza kuingilia, ukaisha.

Watu walilia. Walifarijika, na nilifurahi kwamba wamefarijika. Mwalimu akasimama, akavua kofia, akawaambia waombolezaji kwamba sauti hii inayowafariji leo, na iliyofariji nyumba nyingi kutoka hapa mpaka Wamaza, isingekuwepo bila Papa katekista. Yeye ndiye aliyefungua kinanda. Yeye ndiye aliyetuonyesha mahali pa kukata. Tumshukuru.

Alisema kwa moyo safi. Nilimtazama na sikuona ndani yake hata chembe ya dhihaka. Watu wote waligeuka kunitazama mimi, wakingoja.

Nikasema, “Asante.”